Mwenzangu Hajisikii Vizuri

Siku mume wangu alipoacha chuo, alinunua samaki. Gari lililokuwa likitutoa Bujumbura lilisimama Magara, pale wachuuzi wanapokimbilia madirishani na mikeke wabichi, wale samaki wa ziwa letu, na yeye ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa akashuka, akabishania bei kama mtu aliye likizoni, akarudi na samaki wawili wakubwa wanaomchuruzikia maji kwenye suruali. Nilijua anataka kufika kwa mama yake akiwa na kitu mkononi.

Sisi wawili ni walimu. Yeye anafundisha hesabu, mimi biolojia, shule moja ya sekondari hapa Rumonge. Huko ndiko tulikoonana, na huko ndiko alikonidanganya eti anajua kupika. Tulipopata nafasi ya kusoma master, yaani shahada ya pili, wote wawili, chuo kimoja, kanisa zima lilifurahi. Jumapili ya mwisho tuliitwa mbele, tukapiga magoti, wazee wakatuwekea mikono kichwani. Akina mama walituletea mawese, ndagala kavu, ndio dagaa, unga wa muhogo. Ungedhani Bujumbura hakuna soko. Mama mkwe alilia kwa sauti, na si mtu wa kulia yule. Mwana huyu alimzaa ukimbizini Tanzania, akamlea huko, akamrudisha Burundi akiwa kijana mwenye ndevu za kwanza, na sasa alikuwa akimwona anakwenda kuwa mtu mkubwa.

Kilichomshinda mume wangu hakikuwa akili. Nasema hili mapema ili mtu asinielewe vibaya. Kule kambini alisoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Kifaransa alikikuta hapa, ukubwani, akajifunza cha kutosha kuandika ubaoni na kuwakemea wanafunzi, basi. Hesabu hazidai maneno mengi. Mimi nimezaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, masista walinitia Kifaransa kwa fimbo tangu nikiwa na meno ya utoto. Chuoni kila kitu kilikuwa Kifaransa. Vitabu alivisoma polepole mpaka akavielewa. Kuongea ndiko kulikomuua.

Ilifika zamu yake ya kutoa exposé, yaani kusimama mbele ya wenzako na kueleza ulichosoma. Alijiandaa vizuri, mimi mwenyewe nilimsikiliza chumbani mara nyingi. Alianza sawa. Kisha profesa akamuuliza swali dogo tu, la kawaida, na mume wangu akafungua kinywa na hakuna kilichotoka. Akasema neno moja, akalirudia, akalirudia tena. Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wakacheka wengi, na profesa, badala ya kuwanyamazisha, akatazama saa yake. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilitazama daftari langu. Ningeweza kuinua macho nimtazame yeye, apate hata uso mmoja wa kushika, lakini niliona aibu kujulikana kuwa ni wangu. Hilo sijamwambia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anakunja mashati. Nilimwambia asubiri, mitihani iko karibu, ya kuandika hiyo, hataongea na mtu. Akasema mimi nisubiri nikipenda. Nililia, nikamtukana kidogo kwa lugha ya kwetu, nikamwambia mwanaume mzima anakimbia kicheko. Akaendelea kukunja. Basi nami nikachukua kanga zangu nikaanza kukunja, nikiwa na hasira kiasi kwamba nilikunja na taulo la mwenye nyumba. Hakuna aliyenilazimisha. Mwanamke kubaki mjini anasoma wakati mume wake amerudi kwao mikono mitupu, hilo hata kwetu Uvira wanawake wenyewe wangenicheka. Alama zangu zilikuwa nzuri. Nalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa uani anachuja mawese, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Akatuona na mizigo. Akauliza kama chuo kimefungwa. Mume wangu akamnyooshea samaki wale wawili.

"Mama," akasema, "mwenzangu hajisikii vizuri."

Nilikuwa nyuma yake na begi kichwani, mzima kama kigongo. Na mimi nilifanya nini? Niliweka uso wa mgonjwa. Nikaliteremsha begi polepole, nikashika kiuno. Mama mkwe akanawa mikono, akanitandikia mkeka, akanipikia uji wa ulezi, nami nikaunywa wote.

Miezi michache baadaye nilishika mimba kweli, na hapo mambo yakakamilika. Mtaa mzima ukasema, kumbe. Ikawa ndiyo hadithi yetu: yule mwalimu wa hesabu alikuwa anasoma vizuri, mke wake akamrudisha. Mume wangu hakuisimulia hadithi hiyo kwa mtu yeyote. Aliiacha tu itembee. Na mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, kila mtu hapa anajua, kwa hilo moja nilinyamaza. Sikutaka kuwa mwanamke anayemvua mume wake nguo mbele ya mama yake. Nilitaka avue mwenyewe. Kwa miaka ile yote nilikuwa na haja moja tu na mume wangu: amwambie mama yake ni nani aliyekunja mashati kwanza.

Mama mkwe si mtu mbaya. Ana ulimi, kama mimi, na ndiyo maana hatuchoshani. Ameishi Tanzania muda mrefu na Kiswahili chake ni kile cha redioni. Mimi nikisema "mutoto iko analala," yeye ananisahihisha papo hapo, "mtoto amelala," na mtoto anaamka kwa kelele zetu. Hayo tulikuwa tunacheka. Lakini alikuwa na lingine lisilochekesha. Pale kwenye mashine ya kukamua mawese, wanawake wakikaa kusubiri zamu, alisema wanawake wa ng'ambo ni wa kucheza ngoma, si wa kushika kitabu. Alilisema nikiwepo, kwa upole kabisa, kama anayetaja hali ya hewa. Na Jumatano, akina mama wa kanisa wakikutana uani kwake kuomba, zamu yake ikifika aliomba Bwana amkumbuke mwanawe aliyekatishwa safari. Hakutaja aliyeikatisha. Hakukuwa na haja. Wanawake wote wakasema amina, na mimi, nimepiga magoti katikati yao na mtoto mgongoni, nikasema amina.

Nilikuwa nikirudi nyumbani baada ya maombi hayo nikiwa natafuta ugomvi. Mume wangu aliujua mwendo wangu. Akiniona naingia hivyo, anachukua mtoto, anaanza kumwimbia, anaosha vyombo visivyo vichafu. Nilimwambia waziwazi, siku moja utamwambia. Akasema ndiyo, siku moja. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, mtoto akaanza kutembea, akaanza kuongea, na akaanza yeye pia kunisahihisha Kiswahili changu kwa sauti ya bibi yake.

Halafu tukasikia habari za chuo kimoja Tanzania, siku nzima ya barabara toka mpakani Kabonga. Kinafundisha master kwa Kiingereza. Na wanafunzi walio mume na mke, wakiomba pamoja na wote wawili wakikubaliwa, wanapewa nyumba ndani ya chuo, mtoto anaruhusiwa. Ni mume wangu aliyeileta habari, na aliileta kwa aibu, amesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Akasema tujaribu tena. Nilifurahi, siwezi kukataa. Kisha nikakumbuka kwamba Kiingereza changu ni "good morning teacher" na kidogo zaidi ya hapo. Safari hii mtu wa kusimama mbele ya darasa na maneno kumkaukia ni mimi.

Tulikubaliana jambo moja bila kubishana: mtu yeyote asijue. Mara ya kwanza kanisa zima lilituwekea mikono kichwani. Mara ya pili watuwekee nini? Tukikataliwa, tukataliwe kimyakimya, sisi wawili na Mungu. Kwa hiyo tulikuwa tunafuata makaratasi kama wezi. Tulikwenda komini, ofisi za serikali ya hapa, saa za mchana jua likiwa kali, watu wakiwa ndani, kutafuta extrait, yaani cheti cha ndoa, maana chuo kilitaka ushahidi kuwa sisi ni mume na mke kweli. Mwanamke wa pale état civil, wanakoandikisha ndoa na vizazi, alinitazama mimi, akamtazama yeye, akashusha sauti. Akatuuliza kama tumekwisha kuongea na parrain wetu. Parrain na marraine ni wale watu wazima waliotusimamia harusi, na huku kwetu hao ndio unaowakimbilia nyumba ikiwaka moto. Nikaona dada huyu anapenda mambo ya watu. Nikamjibu kwa mkato kwamba hili ni letu sisi wawili. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika.

Tukakaa kwenye benchi la nje kungoja mhuri. Hapo ndipo mume wangu aliponionyesha alivyojaza fomu yake ya chuo. Waliuliza kama umewahi kuanza masomo kama haya, na kwa nini uliacha. Yeye ameandika: sababu za kifamilia. Nikamuuliza familia ipi. Akasema si lazima kueleza sana. Nikamwambia familia ni mimi, hakuna familia nyingine pale, ina maana mpaka Tanzania, kwa watu wasionijua, nimekwisha kuwa mgonjwa. Nilisema haya kwa sauti ya chini, lakini kwa mikono, na mikono yangu haijui kunong'ona. Yeye akasogea mpaka mwisho wa benchi. Nikasogea mpaka mwisho mwingine. Tulikaa hivyo hadi mhuri ulipokuja, na watu wanapita wanatusalimia, amahoro, amahoro, na kila mmoja wetu anaitikia upande wake.

Siku ile ile, mama mkwe akaja nyumbani na chupa ya mawese bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Alitukuta sebuleni tumekaa chini, makaratasi yetu yote yametolewa sandukuni, tumeyagawa mafungu mawili: diploma zangu huku, zake kule, picha zangu huku, zake kule, na katikati extrait ya ndoa ikiwa na wino mbichi. Tulikuwa bado tumenuniana. Akasimama. Akatazama mafungu yale, akatazama karatasi ya katikati. Mtu aliyeishi ukimbizini anajua makaratasi hayatolewi sandukuni bure. Akaweka chupa kwenye kizingiti, akatoka bila hata kuuliza mtoto yuko wapi. Mimi nikasema kwa hasira zangu, leo hata salamu hakuna. Hatukuelewa. Tulikuwa tumeshika aibu yetu kwa nguvu hata hatukuona watu wameshika nyingine.

Jumapili, baada ya ibada, tuliitwa kwa mama mkwe. Tulikuta viti vimepangwa, kitambaa cheupe mezani, kaziye, yaani kreti nzima ya fanta, imewekwa kando ya mlango. Parrain wetu alikuwa amevaa ile suti anayovaa kwenye harusi zote, na marraine pembeni yake ameshika leso. Nikajua wamegundua habari za chuo. Nilimwona mume wangu anatafuta mlango kwa macho, na nilimshika mkono, si kwa mapenzi, ili asikimbie.

Huku mambo makubwa hayasemwi na mwenyewe. Anatafutwa msemaji, na msemaji haanzi na jambo lenyewe. Parrain alianza na mvua. Akaja kwenye mihogo. Akaja kwenye siku ya harusi yetu, jinsi gari lilivyokwama kwenye matope na mimi nikateremka na gauni kulisukuma, na watu wakasema huyu mke amepatikana. Marraine akaanza kulia hapo. Kisha parrain akavua miwani, akasema wamesikia tulichokifuata komini, na wameumia kusikia kwa watu. Mume wangu akainamisha kichwa, akasema ni kweli, tulificha, tuliona aibu. Parrain akasema ndoa haivunjwi kimyakimya hivyo, wanetu, mna mtoto.

Ilinichukua muda. Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama, na nadhani tulielewa kwa pamoja: yule dada wa komini, benchi, mafungu mawili. Hapa kwetu extrait ya ndoa mtu huifuata akitaka kwenda nayo mahakamani kuachana. Walikuwa wamekaa siku tatu kwenye maombi kwa ajili ya talaka yetu. Nilitaka kucheka, na kicheko kilinipanda kweli, nikakigeuza kikohozi.

Mume wangu akaeleza. Akasema hatuachani, tunaomba shule, Tanzania, wote wawili. Marraine akamshukuru Mungu kwa sauti, murakoze Mana, murakoze, akapiga makofi. Parrain akafuta miwani yake, akafurahi mpaka akakosea maneno. Mama mkwe peke yake hakufurahi. Aliweka mikono mapajani, na ule wekundu wa mawese haukuwa umetoka vizuri kwenye kucha. Akanigeukia mimi. Hakuwa na ukali. Ningependa angekuwa na ukali.

"Mkamwana wangu," akasema, "safari hii utamwacha amalize?"

Parrain akatazama kaziye ya fanta. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo ulimini tayari kwa miaka, lilikuwa limekaa pale mpaka limekuwa na ladha. Nikalifunga kwa meno. Nikasema moyoni, leo simsaidii. Kama atakaa kimya leo, mbele ya watu waliotusimamia harusi, basi extrait iko tayari, tutaipeleka wanakodhani tunaipeleka. Ndivyo nilivyofikiri, nimekaa kwenye kiti cha mama yake, ninatabasamu kama mgeni mwema. Sikumtazama. Nilitazama miguu yake. Viatu vyake vilikuwa vinajikanyaga kimoja juu ya kingine, na nilimwonea huruma, na bado sikusema kitu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Hakuwa mgonjwa. Nilishindwa Kifaransa, wakanicheka, nikakimbia. Yeye alikuwa anafaulu. Aliacha kwa ajili yangu."

Alisema hayo yote akiutazama ukuta, kwa Kiswahili cha mama yake, safi kabisa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama mtu anavyongoja mshahara. Nilidhani nitasikia mzigo unashuka. Badala yake nilimwona mume wangu jinsi alivyokuwa siku ile mbele ya darasa, na safari hii kicheko kilikuwa changu, japo hakuna aliyekisikia.

Mama mkwe alinitazama mimi, na uso wake ukaanza kubadilika, si wa hasira, wa mtu anayekumbuka mambo moja baada ya lingine: uji wa ulezi, mashine ya mawese, Jumatano zote zile.

"Na wewe ukaniacha niseme," akasema. "Ukapiga magoti kwangu, ukasikia ninavyoomba, ukasema amina."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Kwa miaka yote nilijiona mimi ndiye ninayebeba, na sikufikiria hata siku moja kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kunamfanya mama wa watu aseme uongo mbele ya Mungu kila wiki, na mimi namsikiliza, na labda, tuseme ukweli, nafurahia kidogo kwamba siku akijua ataumia. Nikamwambia mama, nisamehe. Sauti yangu ilitoka ndogo, ya mtoto.

Akanyoosha mkono akanigusa goti. Kisha akamgeukia mwanawe, na hapo nikaona kwamba hajamaliza.

"Huko mnakokwenda ni Kiingereza," akasema. "Mkeo hakijui. Akisimama mbele ya watu wakamcheka, utarudi naye?"

"Hatashindwa, mama," mume wangu akasema.

"Sikukuuliza hivyo."

Mume wangu akafungua kinywa. Nilimwona anatafuta, kwa lugha yake mwenyewe, mbele ya mama yake mwenyewe, na hakuna kilichotoka. Marraine, Mungu ambariki, akasimama akaanza kufungua fanta, akamgawia kila mtu bila kuuliza anataka ipi. Tukanywa. Parrain akarudi kwenye mihogo.

Jumatano iliyofuata mama mkwe aliomba mbele ya wanawake wote. Alisema alimsema vibaya mkamwana wake, kwamba hakuna mwanamke aliyemkatisha mwanawe safari, mwanawe alishindwa mwenyewe akarudi. Alilisema lote, polepole, kwa Kiswahili chake cha redioni, hata waliokaa mbali wakasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake wakasema amina. Mimi nilishindwa kuisema. Na kufikia Alhamisi soko zima lilikuwa na habari, na mume wangu alipokwenda kununua ndagala walimwongezea kiganja cha bure, kwa huruma, na alirudi ameyashika yale mafungu mawili, lake na la huruma, hajui ayaweke wapi. Nikayapokea. Nilikuwa nimeitaka siku hiyo mimi.

Alibadilisha fomu yake kabla ya kuituma. Aliandika kwamba aliacha kwa kuwa lugha ilimshinda. Kwenye yangu niliandika kwamba nilimfuata mume wangu, halafu nikafuta, nikaandika kwamba niliamua mwenyewe kuacha, kwa kuwa hilo nalo ni kweli.

Tumekubaliwa wote wawili. Jibu limekuja mwezi huu. Hakuna aliyetuita mbele kanisani, na hatukuomba. Mama mkwe ametujazia kidumu cha mawese, anasema mawese ya kule hayana rangi. Jioni, kabla ya chakula, nasimama sebuleni natoa exposé yangu kwa Kiingereza, naye mama mkwe anakaa na mtoto kwenye kiti cha mbele, hajui neno hata moja, anatikisa kichwa kama profesa. Mume wangu anasimama mlangoni anasikiliza. Nikikwama hanicheki. Hatazami chini pia, ananitazama mimi usoni mpaka niendelee. Ananiambia anza tena, nami naanza tena, na ninakwama pale pale.

Swali la mama yake hajalijibu. Sijamuuliza tena, na sitamuuliza, kwa sababu naona aibu ya jibu ninalolitaka. Ninajua kinachompata mtu anayerudi. Nimekunywa uji wake. Na bado, nikikwama, nikimwona pale mlangoni anavyonitazama, ninachotaka ni aseme kwamba atarudi nami.